Tukuandike Nani?

Mama yao alipofariki, Kajuju ndiye aliyeachiwa kutayarisha wasifu wa kusomwa mazishini, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, aliifanya kazi hiyo kwa ukali wa mwalimu. Alimpigia simu nduguye Kiunga, aliyekuwa kazini upande wa Kinoru.

“Kila mtoto anasomwa na title yake,” alimwambia. “Mimi ni Mwalimu. Antony ni Pasta. Wewe tukuandike nani?”

Kiunga alikuwa ndani ya shimo la choo, sururu mkononi, tope limemfika vifundoni. Jamani, mtu aliye mahali pale haulizwi swali kama lile.

Kuchimba vyoo ndiko kulikomlisha. Kazi mbaya si mchezo mwema, na kusema kweli haikuwa hata mbaya. Tabu ni kwamba hakuwa na bosi wa kumpa cheo, na anayejiajiri hujibatiza mwenyewe. “Mchimba vyoo” lilikuwa jina la haki, lakini alilisikia kichwani likitoka kwenye kipaza sauti baada ya Mwalimu na Pasta, akaona haya hata humo shimoni alikokuwa peke yake. Kontrakta? Siku hizi kila mwenye toroli ni kontrakta. Mkurugenzi? Angeulizwa anamwongoza nani.

“Andika Injinia.”

“Kiunga, na vile watu wa Ruiri wanakujua?”

“Si injinia ni mtu wa mchanga na mawe? Wewe andika tu.”

Akaandika. Siku ya mazishi, nyumbani kwao Ruiri, Injinia Kiunga alipotajwa aliinuka na suti ya kuazima, akawapungia waombolezaji mkono. Majirani walitazamana. Baba yake, Mzee Mutembei, alimwinamia Kajuju.

“Injinia ni nani?”

“Ni Kiunga, baba.”

Mzee akarudisha macho mbele.

Ikafika zamu ya marafiki wa marehemu. Akasimama mama mmoja aitwaye Nelius, mzaliwa wa Ishiara aliyeolewa ng'ambo ya mto, ambaye Kimeru chake hakikuwa kimekomaa, kwa hivyo alizungumza Kiswahili.

“Bwana asifiwe. Mimi na Mama Kajuju tulikuwa kikundi moja ya akina mama. Huyu mama alipenda watoto wake, lakini kulikuwa na mmoja hangemaliza siku kabla hajamtaja. Alikuwa anasema, ‘Niko na kijana yangu anachimba vyoo. Choo yake haibomoki. Ukitaka, sema nimwite.’ Hata hospitali, akiwa amelala na dripu ya maji mkononi, alikuwa anaambia manesi hivyo.”

Watu walicheka kwa mapenzi, maana wote waliwahi kuambiwa.

Kiunga alihisi suti ikimbana. Akakumbuka simu zilizokuwa zikianza na “nimepewa namba na mama yako,” nazo zilikuwa nyingi. Yeye alidhani mama anapiga porojo tu, tena alikuwa akimnung'unikia kwamba anamwaibisha. Kumbe mwanamke yule alikuwa akipita kanisa hadi kanisa akimtangaza, bila kuona aibu hata chembe. Aibu yote alikuwa nayo yeye mwana.

“Choo yangu ilibomoka na mvua,” Nelius akaendelea, “na mama akaniahidi huyo kijana. Lakini Mungu akamwita kabla hajatukutanisha. Nimesikia watoto wakisomwa hapa, yeye sijamsikia. Kama ako, asimame tu nimuone.”

Majirani waligeuka, wakamtazama Kiunga, wakangoja. Hakuna aliyemtaja, maana jambo lile lilikuwa lake mwenyewe. Kajuju alimgusa kiwiko. Kiunga alitaka kuinuka, Mungu ni shahidi, lakini aliwaza vile alivyopunga mkono muda mfupi uliopita, akabaki kitini.

Mzee Mutembei alingoja kama wengine. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma:

“Hayuko, mama. Leo amekuja injinia.”

Nelius alisikitika. “Basi akifika mwambieni,” alisema, “mama yake alikuwa anajivunia yeye sana.”

Waombolezaji waliitikia kwa kichwa, na Kiunga naye akaitikia pamoja nao.