Tugeuze

Kwetu Kadutu, "tugeuze" ni neno la wabeba kipoyi. Gari halifiki kwenye nyumba zetu, kwa hiyo mgonjwa hulazwa juu ya miti miwili iliyofungwa blanketi, majirani wakamshusha hadi bondeni, kisha wakampandisha hadi barabarani. Kwenye mteremko miguu hutangulia, ili kichwa kibaki juu. Wakishavuka mfereji, aliye mbele husema "Tugeuze!" na kipoyi kinazungushwa, kichwa kitangulie kupanda. Maiti haigeuzwi. Miguu yake hutangulia hadi mwisho. Tangu utotoni nilikuwa nikilisikia neno hilo dirishani na kushusha pumzi: huyo yuko hai, anaenda hospitali.

Asubuhi ile ya manyunyu alibebwa koko, mama yake mama, aliyeanguka akipeta maharagwe. Mama alikuwa ametangulia kutafuta taksi. Mimi nilifuata nyuma na beseni la nguo, nikiwaza kama kawaida yangu: na kama vitanda vimejaa? Na kama daktari hayupo?

"Koko, umekula nini? Uko muzito!" alitania jirani aliyeshika upande wa kichwa.

"Beba tu! Hata mama yako nilimubeba."

Kisha akanyamaza. Nilidhani amesinzia.

Tulivuka mfereji. Tonton, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa mbele. Hakusema kitu. Wakaanza kupanda, miguu ya koko mbele.

"Tonton, hamujageuza."

"Tembea, mutoto."

Nilitafuta sababu. Matope yanateleza. Amechoka. Amesahau, mtu husahau. Yule jirani mtani alikuwa akijifuta macho kwa bega.

"Mugeuze!" nilipiga kelele. "Kichwa chake kiko chini!"

Wakasimama. Tonton hakunitazama. "Mama yako iko anatungoja pale juu. Tumufikishe kwake kwanza."

"Basi mugeuze!"

Tonton alitazama juu, barabarani. Halafu, polepole: "Tugeuze."

Kipoyi kilizunguka na uso wa koko ukapita mbele yangu. Manyunyu yalikuwa yanamwingia machoni, na macho hayakupepesa.

Nilitaka kusema warudishe kama mwanzo. Walikuwa wameshaanza kupanda, na kule juu mama alikiona kichwa kinatangulia. Alicheka kwa furaha, akakimbia kufungua mlango wa taksi.