Kitambaa cha mashine ya gemu kimenitenga na binti yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Najua wengine mtanicheka, na sitawalaumu, ila msome mpaka mwisho.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, fundi umeme wa majumbani, naishi Manundu hapa Korogwe. Mke wangu wa kwanza tuliachana miaka minne iliyopita, akarudi kwao Chanika, Handeni, pamoja na binti yetu. Nitamwita Zuhura, ana miaka kumi na miwili. Mimi nikaoa tena. Mke wangu wa sasa ni Msambaa, mtu mpole, na bado hatujajaliwa mtoto.

Zuhura kwenye simu haongei. Ukimpigia ni "shikamoo baba, nzuri, sawa baba", basi. Lakini alipokuja likizo niligundua akishika pedi ya gemu mdomo unafunguka wenyewe. Nikatafuta mashine mbili za mitumba, moja nikampelekea kwa mama yake, moja nikabaki nayo. Kila Jumamosi saa kumi jioni tukawa tunakutana kwenye gemu la mpira la mtandaoni, timu moja, hedifoni kichwani. Hapo ndipo nilipomjua mwanangu. Ananipasia mpira huku ananisimulia mwalimu anayewaogopesha, rafiki aliyehama shule, mbuzi wa bibi yake aliyekula daftari. Nilikuwa nacheka mpaka mke wangu anatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kiangazi kilipoingia, vumbi jekundu likaanza kutanda sebuleni. Nyumba yetu kila kitu kina kitambaa cha kufuma: viti, redio, friji, TV. Mke wangu ana mkono huo. Nikamwomba mwenyewe aifumie na mashine ya gemu. Akafuma kizuri, cheupe, kizito, chenye maua pembeni. Cha TV tunakitoa tukiwasha, la sivyo tutaona nini? Cha mashine hakimzuii mtu kuona, basi kikabaki palepale siku zote. Na mimi kwa kupenda usafi nikakikunja mara mbili.

Tangu hapo gemu likaanza kunitupa nje. Tukicheza kama nusu saa picha inaganda, halafu linajifunga na kuandika kuna hitilafu. Nikanunua stebilaiza. Nikabadilisha soketi na waya. Nikafuta gemu nikalipakua upya, bando likaisha. Nikahamisha ruta karibu na dirisha. Linanitupa nje tu. Upande wa Zuhura yeye alikuwa anaona kitu kimoja: baba ametoka.

Jumamosi moja katikati ya mechi akasema, "Baba, kuna kitu nataka kukuambia." Nikamwambia sema mwanangu. Picha ikaganda. Nilipofanikiwa kurudi hayupo, kaniachia ujumbe kwa simu ya mama yake: "Sawa baba, kumbe una kazi." Hasira zikanipanda, nikaitupa pedi kwenye kiti.

Sasa hasira ikaenda wapi? Ikaenda kwa mama yake. Niliwahi kumsikia kwenye hedifoni akimwita mtoto, na mara baada ya hapo gemu likakata. Nikajiaminisha kwamba anazima mtandao makusudi ili anitenge na mwanangu. Sikumuuliza. Nilikwenda Chanika nikaitisha kikao, nikamshtaki mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akaapa hajagusa kitu. Nikamwita mwongo. Zuhura alikuwa chumba cha pili, na nyumba ile haina dari.

Wiki iliyofuata nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja wa simu hapa mjini. Akaiwasha mezani kwake, ikacheza saa mbili bila tatizo. Nikairudisha nyumbani, nusu saa, ikakata. Nikampigia nikimlalamikia, akaniambia nimtumie picha ya mahali inapokaa. Akajibu, "Kaka, mvue shela huyo bibi harusi. Matundu ya hewa yote umeziba, inachemka." Fundi umeme mzima, admin. Kila siku nawaambia wateja friji iachiwe nafasi ya kupumua. Kweli mganga hajigangi.

Nilimpigia mama Zuhura nimwombe radhi, kumbe kanizuia kwenye simu yake, na mtoto hutumia simu hiyohiyo. Nikampigia kaka yake, akapokea. Akaniambia nisikanyage kwao mpaka nirudi mbele ya wazee walewale, niwaeleze wazi nini kilikuwa kinakata, nimsafishe dada yake. Nikaona ni haki.

Mke wangu aliposikia alikaa chini kabisa. Akasema, "Ukitaja kitambaa, watauliza nani alikifuma." Nikamwambia nitasema nilimtuma mimi, na niliyekikunja ni mimi. Akasema, "Nani ataamini? Mama wa kambo asiye na mtoto, kafuma kitambaa, baba na binti wakatengana? Watasema nilikifuma huku nikikinuizia uchawi." Akaniomba nisingizie umeme wa mtaani. Nawajua watu wetu, alichosema ndicho kitakachosemwa.

Nikisema ukweli, namtia mke wangu doa asilostahili, na hajanikosea lolote zaidi ya kunitii. Nikisema uongo, nasimama mbele ya wazee walewale kudanganya, na mama wa mwanangu nimeshamwita mwongo mara moja. Nikinyamaza, Zuhura anaendelea kuamini nilikuwa nazima mwenyewe.

Kitambaa nimekitoa. Jumamosi iliyopita niliwasha saa kumi, mashine ikakaa mpaka magharibi bila kuganda hata mara moja. Jina la Zuhura halikuwaka kwenye gemu. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Wenzangu, akili yangu imefika mwisho. Nikaseme nini Chanika?