Pweza wa Mama Pindo

Mama Pindo alipewa jina hilo na wateja wake, kwa sababu nguo haikutoka kwenye cherehani yake kabla pindo halijalala sawa kama karatasi. Chumba chake cha kazi ndicho kilichokuwa cha kulala pia: meza ya kukatia karibu na dirisha, pasi juu ya kigae, na kitanda alicholalia na mjukuu wake wa kike, aliyeletwa kwake mama yake alipopata kazi mbali.

Mtoto huyo alikuwa na sauti ya kukusimamisha njiani, lakini hakuimba ila akiwa chini ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa. Ukiinama kumtazama, anakata wimbo papo hapo. Kwa hiyo mwalimu wa muziki alipompa nafasi ya pweza katika mchezo wa shule, pweza anayeimba huku akitunza bustani yake chini ya bahari, bibi alifurahi na hofu ikamshika kwa pamoja. "Akishindwa mara hii," alijisemea, "hatathubutu tena."

Akaamua kumshonea vazi la kumpa moyo. Alilishona kama anavyoshona suti: akapima, akakata, kisha kila mkono wa pweza akautilia ndani kile kitambaa kigumu cha kola ili usimame. Ukasimama kweli. Siku ya mazoezi mtoto aliingia jukwaani mikono minane imechomoza kila upande, akapita karibu na pazia, akalizoa, akaanguka nalo. Wenzake walicheka hadi machozi. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita bibi pembeni.

"Mama, sauti anayo. Lakini nikimsimamisha mbele ya watu kesho kutwa akaishia kulia, nitakuwa nimemtendea nini? Si bora nimpe mwingine?"

"Niachie mpaka kesho, mwalimu."

Jioni alipita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuzamia na kukagua nguzo za gati. Aliliona vazi limesimama lenyewe juu ya kitanda, akashika mbavu.

"Shemeji, huyu pweza amejiunga na jeshi?"

"Cheka tu. Suruali ikikupasukia huko majini, usije kwangu."

"Pweza hana mfupa hata wa dawa! Tunaye mmoja kwenye nguzo zetu, namtembelea kila nikishuka. Mwenyewe humwoni. Unaona mlango wake: kakusanya mawe, maganda ya kombe, kipande cha chupa, kavipanga mbele kama mtu apendaye maua. Ukisogea, anavuta jiwe, anafunga. Hodi yako imejibiwa."

"Kumbe mwoga?"

"Mwoga kupindukia. Ila bustani yake ndiyo nzuri kuliko zote."

Kutoka chini ya meza sauti ndogo ikauliza, "Babu, na hakuna anayemgombeza atoke?"

"Yuko kwake, mjukuu wangu. Nani wa kumgombeza?"

Mama Pindo alilivuta vazi mapajani. Alichukua wembe wa kufumulia, akaanza na mkono wa kwanza. Katika maisha yake hakuwahi kutoa kazi isiyo na umbo, na kila uzi aliokata ulimuuma. Mikono ikabaki laini, inaning'inia ovyo. Kisha akavua shuka la kijivu kitandani, akalishona likawa pango, lenye mlango wa kutosha mkono wa mtoto. Kesho yake alilipeleka shuleni, na mwalimu akakubali kujaribu.

Siku ya onyesho watu waliona pango na bustani ya mawe yaliyopakwa rangi. Pweza hawakumwona. Wakangoja. Mwalimu akamgeukia bibi, aliyeketi nyuma ya shuka akishikilia kamba za pango; bibi akatazama chini. Halafu mkono mmoja ukatoka, ukagusa ganda, ukalisogeza mahali panapolifaa zaidi. Na sauti ikaja.

Hata waliokuwa wakinong'ona viti vya nyuma walinyamaza. Wimbo ulipokwisha, ukumbi mzima ulisimama. Mwalimu akaashiria: mtoe, watu wamwone! Bibi akatikisa kichwa. Mkono ukarudi ndani taratibu.

"Bibi," sauti ikanong'ona kutoka pangoni, "wameondoka?"

"Bado. Wanakupigia makofi."

"Waambie nimesikia."