Opera Ukumbini Voi, na Mazungumzo Tuliyoyakosa

Dada yangu alipopata nafasi ya kusomea uimbaji katika chuo kimoja Nairobi, baba alisema hapana kabla hajamaliza kuelezwa. Yeye ni mzee wa kanisa kijijini kwetu Wusi na mkulima wa kabeji, na kwa maoni yake kuimba ni kama kupumua: mtu mwenye afya haendi chuoni kufundishwa. Dada angesoma uuguzi. Kwa hasira dada akaacha kula ugali, jambo ambalo halikumtisha mtu kwa sababu chapati alikuwa anakula.

Kisha chuo hicho kikatangaza kwamba kitaonyesha opera ya zamani ya vichekesho, moja kwa moja kutoka Ulaya, katika ukumbi wa hoteli mjini Voi, Jumamosi alasiri. Opera, kwa ambaye hajaiona, ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake hawazungumzi; hata wakiombana chumvi, wanaimba. Dada aliniomba nimlete baba. Mimi ndiye ninayeishi Voi, na baba hunisikiliza kidogo, kama mtu anavyosikiliza redio akiwa na kazi nyingine.

"Akimsikia mwanamke mmoja tu akiimba vile, atakubali," dada aliniambia. "Asipokubali siku hiyo, basi mimi ni muuguzi."

Hakuwa ameuliza hadithi yenyewe inahusu nini.

Baba alikuja na koti lake la ibada, pamoja na shangazi, ambaye hakosi shughuli yoyote yenye viti. Kwenye pazia jeupe la kuonyeshea picha wapiga vyombo walianza kulinganisha sauti. Baba akavua kofia, akainamisha kichwa. Alipogundua kwamba si sala aliivaa tena taratibu, kana kwamba alikuwa anajikuna upara tu.

Hadithi ilikuwa hivi: mzee mmoja tajiri ana binti, na hataki aolewe. Kijana anampenda binti huyo. Niliona shingo ya dada, aliyeketi kando yangu, ikizama mabegani. Mzee alipofunga mlango kwa kufuli, baba aliitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Kijana alipoanza kuimba chini ya dirisha, baba aliuliza kwa sauti ya kikao, "Huyu amekuja peke yake?"

"Peke yake," shangazi akajibu.

"Hana baba? Hana hata mjomba wa kumsemea?"

"Labda wako njiani."

Safu yetu nzima ikaanza kuwangoja hao wajomba.

Hata hivyo, binti alipofungua kinywa tuliwasahau wajomba. Sauti ilipanda, ikakaa huko juu, halafu ikapanda tena. Shangazi alipiga kigelegele, akaenda mbele kumtuza, kama tunavyowatuza waimbaji kanisani kwa leso. Alivua leso begani akaitundika kwenye kona ya pazia, karibu na bega la binti kadiri alivyoweza kufika. Kamera ikahama, na kwa muda leso ile ikawa begani mwa mlinzi wa geti. Baba hakucheka. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa kinapiga goti. Dada alikiona hicho kidole. Alinibana mkono hadi nikaumia.

Ndipo mtambo ukagoma. Picha iliganda mzee akiwa ameachama.

"Bando zimeisha," mtu akasema nyuma.

Mhadhiri wa chuo, kijana mwenye miwani aliyekuwa ametukaribisha mlangoni, alihangaika na nyaya. Picha iliporudi, binti alikuwa amevaa shela, kijana yuko kando yake, na mzee analia kwa kuimba.

Baba alisimama. "Mwalimu, mazungumzo yamefanyika lini?"

"Yapi, mzee?"

"Ya mahari. Turudishie hapo."

"Hii ni moja kwa moja, mzee wangu. Hairudi nyuma."

"Kwa hivyo tumefichwa."

Mhadhiri angeweza kusema kwamba hata yeye hajui. Lakini alikuwa mwalimu. "Hamjafichwa," alisema. "Hakukuwa na mazungumzo. Kijana alijifanya daktari, akaingia ndani, wakaandikishana ndoa."

"Na ninyi ndio mnaotaka kumchukua binti yangu," baba akasema.

Ukumbi wote ulimgeukia dada, ambaye wakati huo alikuwa chini ya kiti akitafuta kitu kisichokuwapo.

Nje baba alimngoja shangazi atoke na leso yake. "Huyo binti, kwa sauti, simlaumu," baba alisema. "Ile ni kazi. Nimeona jasho. Shida iko nyumbani kwao. Mtoto hachukuliwi kimyakimya." Akamtazama mhadhiri, ambaye alikuwa ametufuata kuomba radhi. "Mnamtaka huyu?"

"Tunamtaka, mzee."

"Basi uliza njia ya Wusi. Na usije peke yako."

Alikuja kweli, amebeba sukari, majani ya chai na leso mbili, akiwa na mama mmoja wa makamo anayefundisha piano. Waliketishwa sebuleni wakangojeshwa ipasavyo, ndipo wajomba zetu wakaingia.

"Sauti yake ikikauka," mjomba mkubwa aliuliza, "mtaturudishia, au mtakaa naye?"

Mhadhiri alianza kueleza utaratibu wa mitihani. Mama wa piano, ambaye bila shaka aliwahi kuoza mabinti, alimgusa goti. "Sisi haturudishi mtoto," alisema. "Tutamfundisha piano pia, na kufundisha wengine. Sauti ikichoka, mikono itamlisha."

Wajomba wakatazamana, wakaridhika. Dada akaitwa. Alisimama mbele ya wote, na baba akamuuliza kile ambacho kila binti huulizwa siku wageni wa posa wakija.

"Unawajua hawa watu?"

"Nawajua."

"Sukari yao tuipokee?"

Dada alitazama chini, kama inavyotakiwa, lakini tabasamu lilikuwa limeshamponyoka.

"Ipokeeni, baba," alisema, na mama yetu akainuka kwenda kubandika chai.