Shahada Kumi na Moja

Mama alikuwa na faili la plastiki, na ndani yake shahada zangu kumi na moja: mdahalo, uchoraji, sataranji, upandaji miti, na nyengine ambazo hata sikumbuki nilizipataje. Ya kuogelea naikumbuka vizuri, kwa sababu nilipewa hali ya kuwa bado nang'ang'ania ukingo wa bwawa.

Mwaka huo nilikuwa naomba kusomea udaktari katika chuo cha nje. Fomu ilikuwa na mistari kumi ya shughuli nje ya masomo, na Mama aliapa hautobaki mtupu hata mmoja.

"Ana shahada kumi na moja, mashaallah," alimwambia Bibi, mama yake, jikoni kwetu Ibra.

Bibi alizaliwa Unguja kabla ya kuhamia huku kwa Waarabu, na kwake yeye shahada ni ile ya dini, ya kumshuhudia Mungu na Mtume wake. Akaacha kumenya vitunguu. "Shahada ni mbili, mwanangu. Hizo tisa kazitoa wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini alipoelezwa kwamba ni karatasi za skuli tu, yeye hakucheka. "Na Jumatatu zote tunazokwenda hospitali, karatasi yake ipo wapi?"

Haikuwepo. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu alasiri, nilikaa na Bibi kliniki ya sukari nikiwatafsiria wazee waliokuja kutoka Afrika, ambao Kiarabu chao ni cha kuombea maji. Nilianza kwa kiburi. Mwezi wa kwanza bi mkubwa mmoja alisema nyayo zinamchonyota. Neno lile sikulijua, na nikaona haya kuuliza. Nikamwambia daktari zinamwasha. Bi mkubwa akapewa mafuta ya upele, akajipaka wiki mbili, kumbe ni sukari imeshaanza kumharibu mishipa ya miguu. Aliyegundua ni daktari, si mimi. Sijapata kujionea aibu vile. Nikanunua daftari, nikawa naandika maumivu: kuchonyota, kupwita, kukereketa, kichomi, ganzi. Neno nisilolijua niliuliza mpaka mwenyewe anionyeshe kwa mkono panapouma.

Basi nikaamua. Nitajaza mstari mmoja tu, wa kliniki. Mama akapandisha mori.

"Wenzako watajaza yote kumi! Riziki yako unaipiga teke, wallahi!"

"Wakinikataa, Mama, wanikatae mimi. Huyo muogeleaji mimi simjui."

Fomu ilitaka shahidi asiye jamaa. Nikamtaka yule bi mkubwa wa nyayo, ambaye wakati huo alikuwa keshahamia Manah kwa mwanawe. Mama alinipeleka kwa gari, kanuna, na faili alilibeba vile vile. Tulipofika Bidbid, inapoanza njia ya Nizwa na Manah, akasema, "Bado tunaweza kurudi." Nikamwambia haturudi.

Nilimwamkia bi mkubwa shikamoo, tukaletewa tende na kahawa, nikamweleza shida yangu.

"N'takushuhudia," alisema. "Lakini uandike na yale mafuta ya upele."

Sikujua kama alijua. Miaka yote ile alikuja kukaa ubavuni pangu, akasubiri zamu yake, akanipa maneno yake niyapeleke kwa daktari, wala hakugusia.

"Kwa nini hukuniambia, bi mkubwa?"

"Ningekwambia, usingerudi. Na mie nilikutaka urudi."

Mama aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea kikombe chake. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza kwa sauti ndogo kuchonyota ndiyo kukoje hasa, maana yeye naye kakulia hapa na neno lile halijui. Nikamweleza: ni kuuma kwa kuchoma, kama chumvi kwenye kidonda. Usiku ule ule nilijaza mstari mmoja, mafuta ya upele na yote, nikaacha tisa mitupu, nikaituma fomu.

Chuo walinihoji nusu saa, na nusu saa nzima ilikuwa juu ya lile kosa. Sikujitetea. Niliwaambia nilichokosea na nilichofanya kila Jumatatu baada ya hapo. Wakanikubali.

Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa bi mkubwa wa Manah. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Haya, nenda," akasema. "Na urudi."