Jina la Baba Mlangoni pa Shule

Nakumbuka siku moja ya mwaka tuliokula mbegu. Usiniulize mwaka gani, mjukuu wangu. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari wakoloni walipowafungia kizuizini waliodai ardhi, na mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi kungoja kupandwa tuliyashusha tukayachemsha na masizi yake. Mashamba yalibaki ng'ambo ya handaki tulilochimbishwa kuzunguka kijiji, sisi tumefungiwa kijijini, nyumba zimebanana kama meno.

Shule yetu, ile wazazi waliyojijengea kwa udongo na nyasi bila kumwomba mtu, serikali ilikuwa imeifunga. Nguzo zake zilibebwa zikajenga mnara wa homgadi, wenzetu waliolinda upande wa serikali. Nilizijua nguzo zile. Kila nilipopita chini yake nilitema mate.

Kisha ikafunguliwa shule nyingine, banda la mabati kando ya geti la kijiji. Lakini mtoto ambaye baba yake yuko kizuizini hakuandikwa, na baba yangu, Njagi, alikuwa kizuizini. Ndugu yake mdogo alikuwa homgadi. Ndiye aliyekuja kwa mama akasema, "Walete wasichana. Nitawaandikisha kama wangu."

Asubuhi hiyo mama alituosha miguu, mimi na mdogo wangu Marigu, akatupaka mafuta ya mbarika mpaka tukang'aa. Mwalimu alikaa mezani na daftari kubwa. Akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Mkono ulifika na kuzidi.

"Huyu amekomaa, ni wa kuvunwa," homgadi mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Jina la baba?" mwalimu akauliza.

Baba mdogo alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi ni wa Njagi. Siandikwi wa mtu mwingine."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Msichana, nani amekuuliza damu yako? Nataka kujaza mstari tu."

Mama akanivuta kanga. "Huyu si baba yako pia? Si ndiye aliyekuchinjia mbuzi ulipozaliwa?"

Niliichomoa kanga mkononi mwake. Baba mdogo hakukasirika, na hilo ndilo linaniuma hata leo. Aliangalia viatu vyake akasema, "Basi nenda ukachimbe handaki na wenzako." Marigu alitaja jina la baba mdogo kwa sauti safi, akaingia ndani. Mimi nilirudi nimeinua shingo kama jogoo. Wanawake handakini walinisifu, wakaniita mwanamume. Sifa ni tamu, mwanangu, lakini jioni nilikula yale yale mahindi ya masizi.

Baba alirudi mwishoni mwa Emajensi, amekonda, meno mawili hayapo. Alitoa kijitabu mfukoni akanipa. "Nisomee," akasema. Wanaume wenzake walikuwa wamemfundisha herufi huko kizuizini, kwa kijiti juu ya mchanga, naye aliharakisha akidhani mimi nimemtangulia. Nikamweleza kwa nini siwezi. Nilingoja anisifu.

Alikichukua kijitabu akakirudisha mfukoni. Kisha akasema, "Mimi huko sikuwa na jina. Niliitwa namba. Nikasoma na hiyo namba yangu."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaposwa, shule imenipita. Jina la Marigu lilirudishwa kuwa la Njagi kwa kazi ya siku moja tu, ofisini kwa bwana mkubwa wa wilaya, na baadaye akawa mwalimu.

Lile banda la mabati likazaa. Baada ya Uhuru lilipata kuta za mawe, na mawe mengine nimeyabeba mimi kwa kamba ya paji la uso, alama yake unaiona. Likazaa shule ya karibu na kiwanda cha kahawa, hiyo ikazaa ya barabarani, mpaka sasa mji wa Embu umezungukwa na shule kama mama kuku na vifaranga. Watoto wangu wote wamepita humo. Kila sweta naijua ni ya shule gani. Lakini majina yaliyo juu ya mageti niliyasoma nikiwa na wajukuu, baada ya ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, nikifuata kwa kidole. Majuto ni mjukuu, na mimi nina wengi.

Sasa nasikia umekataa shule uliyopangiwa, eti mwalimu mkuu ni wa ule ukoo uliogombania mpaka wa shamba na baba yako. Mwanangu, ingia. Kaa kwenye dawati lao, kula uji wao, chukua akili yote waliyo nayo. Mpaka wa shamba hautahama ukiwa darasani, na ukitoka utaugombania kwa karatasi badala ya kelele. Heshima ya baba yako haihitaji mlinzi mjinga.

Njoo nikutemee mate kifuani kama tulivyobarikiwa sisi. Mungu akupe miguu ya kuingia na ulimi wa kungoja. Na kesho ukisimama mbele ya daftari lao, kiburi kikikupanda kooni, mkumbuke msichana mwenye njaa, aliyepakwa mafuta ya mbarika, mlango umefunguliwa mbele yake, akasema: "Mimi ni wa Njagi. Siandikwi wa mtu mwingine."