Kifuniko Kimoja kwa Shimo

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Kilimo wa tarafa iitwayo Kwanza, huko Trans-Nzoia, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya ngozi, akaniuliza kama nimekuja kulima au kuoa. Kisha akanipa gambuti za mpira zilizonizidi miguu na kifuniko cha chupa ya soda. Hicho kifuniko, akasema, ndicho digrii yangu. Kila shimo la mahindi, kifuniko kimoja cha mbolea, basi.

Nyinyi vijana mnapima shamba kwa simu. Sisi tulikuwa na kifuniko na kamba yenye mafundo. Nilifundisha hivyo miaka mingi Trans-Nzoia, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati, nikalelewa ndani ya mahindi, na mkulima aliyenisikiliza alivuna. Akina mama sokoni waliniita Bwana Kifuniko, nami nilifurahi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikahamishiwa Bungoma, chini ya Afisa wa Kilimo wa Wilaya, mama mfupi aliyesoma kila ripoti akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Wakati huo ilikuwa imeletwa mbegu ya mpunga wa nchi kavu, ule usiohitaji maji yasimame shambani, unaotegemea mvua tu. Akanituma nitafute wakulima wa kuujaribu. Sikuwa nimewahi kuotesha hata suke moja la mpunga, lakini hilo sikumwambia.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Nekesa, mjane aliyeishi karibu na Mabanga. Shemeji yake, Mzee Wafula, alitaka shamba lile lirudi kwenye miwa kama enzi za marehemu ndugu yake. Wakapatana mbele ya wazee wa ukoo: mpunga ukimshinda Mama Nekesa, Wafula apande miwa yake, naye mama abaki na kipande cha mboga nyuma ya jiko. Watoto wake wanne wangekula nini, hilo halikujadiliwa. Nilikuwepo. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Alipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko yangu. Ulipofika wakati wa mbolea ya kukuzia, ile yenye naitrojeni inayoyapa majani rangi ya kijani, aliniuliza kipimo. Nikajibu bila kufikiri: kifuniko kimoja kwa shimo.

Sasa hesabu mwenyewe. Mashimo ya mahindi yameachana, mtu hupita katikati ya mistari na jembe lake. Ya mpunga yamebanana, shibiri moja au pungufu. Penye shimo moja la mahindi, pana kama matano ya mpunga. Nilikuwa nimemmwagia yule mama naitrojeni mara tano, tena kwa sauti ya mtaalamu.

Baada ya wiki chache mpunga ulikuwa wa kijani karibu kuwa mweusi. Watu walisimama barabarani kuutazama. Nikamleta bosi aone. Alizunguka shamba, kisha akaniuliza, "Bwana Kariuki, tulikutuma majani ama mchele?" Nilidhani ananitania.

Mvua za mwisho zilipokuja, mpunga wote ukalala, kwa sababu mashina yalikuwa marefu na laini. Masuke mengine yalikauka na mengine yalibaki mabichi, maana naitrojeni ikizidi, mmea huendelea kuota wakati unapaswa kuiva. Tulipoupeleka mashineni kukobolewa, punje zilikatika. Sehemu kubwa ilitoka chenga, imechanganyika na punje za kijani zisizokomaa. Mama Nekesa alichota kiganja kimoja, akaninyooshea.

"Afisa, hii ni mchere ama ni chakula ya kuku?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Niliona aibu ambayo sijaisahau hadi leo.

Kesho yake nilikwenda kituo cha mafunzo cha Mabanga, nikamtafuta mwalimu aliyeujua mpunga, nikamweleza yote. Aliniuliza swali moja tu, mashimo yalikuwa mangapi, nikaelewa kabla sijajibu. Akaniketisha akanifundisha upya. Naitrojeni igawanywe: sehemu moja mpunga unapotoa machipukizi, nyingine unapobeba mimba, yaani suke likiwa bado limejificha ndani ya shina. Hiyo ya pili ndiyo hujaza punje, ikawa angavu na ngumu, isivunjike mashineni. Mpunga ukinyimwa, punje hutoka na tumbo jeupe kama chaki na hukatika vilevile. Ukizidishiwa mwishoni, wali huwa mgumu hata ukiongeza maji.

Kujua kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumkabili Mzee Wafula. Nilimkuta shambani kwa Mama Nekesa, vipande vya miwa vya kupanda vimeshawekwa pembeni. Nikavua kofia.

"Mzee, mpunga haujamshinda Mama Nekesa. Mimi ndiye nilimpotosha. Alifanya kila nililomwambia. Mpe msimu mmoja."

"Hiyo maneno si ungesema mbele ya wazee," akasema.

Nikayasema mbele ya wazee, kisha mbele ya bosi wangu, ambaye aliyaandika kwenye faili langu kwa ile kalamu nyekundu. Cheo nilichokuwa nikikisubiri kilienda kwa mwingine. Lakini msimu tulipewa.

Safari hii nilileta wembe. Nilipasua shina mbele ya Mama Nekesa, tukaliona suke changa ndani, dogo na jeupe kama unyoya. Baada ya hapo hakunisubiri. Alipasua mwenyewe, akatuma habari kwamba siku imefika. Mbolea tuliinyunyiza kidogo kidogo kando ya mstari, kifuniko kikakaa mfukoni. Mchele ulitoka mzima, unang'aa. Mzee Wafula alialikwa, akala sahani mbili, akasema chumvi imepungua. Miwa yake aliipeleka kwingine.

Nimestaafu sasa, naishi Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, na bado nasema nilikuwa hodari. Ila uhodari wangu nauhesabu kuanzia siku ile niliyovua kofia.

Juzi Mzee Wafula alinijia nyumbani. Ati naye amepanda mpunga, anataka kipimo. Nikamwuliza kwa nini asafiri hadi Kitale na jirani yake, Mama Nekesa, siku hizi anafundisha lokesheni nzima kulima mpunga.

"Najua anajua," akasema. "Lakini nitamuuliza na uso gani, bana, na nilitaka kumtoa kwa hiyo shamba?"

"Mimi nilikuja kwako na uso gani, Mzee?"

Alimaliza chai yake, akaaga.

Kesho yake Mama Nekesa alinipigia simu, sauti yake imejaa kicheko. "Afisa, shemeji yangu amesimama hapa mlangoni na kifuniko ya soda kwa mkono. Nimemwambia atupe hiyo, aingie ndani."